Namna ya kujenga kazi ya utafiti na ualimu kwenye analisisi tumizi, kuanzia digrii mpaka kusimamia wanafunzi wako

Kuna watu wanapenda hesabu na wanapenda pia kujua dunia inavyoenda, afu kila siku wanaambiwa wachague, ama wakae upande wa hesabu tupu wathibitishe theoremu ama waende kwa mainjinia wakapige namba. Analisisi tumizi ndo ile sehemu ambayo huhitaji kuchagua, unachukua mlinganyo uliotoka kwenye joto au maji au damu au umeme, unauuliza maswali ya mwanahisabati na unajibu kwa uthibitisho kamili, afu jibu lako linarudi kwa mtu mwenye kifaa mkononi na linamfaa. Naandika kwa ajili ya anayemaliza digrii ya kwanza au yuko masters na anajiuliza hii kazi inaingiwaje. Msimamo wangu nauweka mezani mapema: tafuta swali moja ambalo unajua limetoka wapi, likae nawe miaka, na mambo mengine yote, kozi, supavaiza, pepa, hata namna unavyofundisha, yapange kulizunguka hilo.

Kwanza uelewe kazi yenyewe ni ipi maana wengi wanadhani ni kutafuta fomula ya jibu. Milinganyo mingi ya maana, hasa ile yenye deriveti za vigeu vingi tunayoiita PDE, haina fomula ya jibu unayoweza kuiandika. Jacques Hadamard, mwanahisabati wa Ufaransa, kuanzia mwaka 1902 aliweka masharti ambayo mpaka leo ndo yanaendesha fani nzima: jibu lipo? ni moja tu? na ukigusa data kidogo, jibu nalo linasogea kidogo au linaruka mbali? Hilo la tatu wanafunzi huwa wanalipita haraka na kumbe ndo lenye utamu, kwa sababu data zote duniani zimepimwa na kifaa na hakuna kifaa kisicho na makosa, kwa hiyo kama jibu lako linalipuka kwa kosa dogo la kipimo, hata ukiwa na theoremu safi ya kwamba jibu lipo, daktari hana la kufanya nayo.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Alberto Calderón, mwanahisabati wa Argentina, ambaye kabla ya kuwa jina kubwa alifanya kazi kama injinia kwenye kampuni ya mafuta ya serikali ya nchi yake, na huko ndo swali lilimjia: ukipitisha umeme kwenye uso wa kitu afu ukapima volti hapohapo usoni, je unaweza kujua ndani yake umeme unapita vipi kila mahali bila kukipasua? Alikaa nalo miaka mingi, akalichapisha 1980 kwenye pepa fupi tu. Mwaka 1987 John Sylvester na Gunther Uhlmann wakathibitisha kwamba kwenye dimensheni 3 na kuendelea, kama upitishaji wa umeme ndani unabadilika kwa ulaini, vipimo vya usoni vinatosha kuujua wote. Dimensheni 2 ikasubiri mpaka 1996, Adrian Nachman. Katikati hapo, 1988, Giovanni Alessandrini akaonyesha kwamba uthabiti, yaani lile sharti la tatu la Hadamard, upo lakini ni wa logarithmu, yaani kuboresha picha kidogo tu kunadai uboreshe vipimo kupita kiasi, na 2001 Niculae Mandache akaonyesha kwamba kwa ujumla huwezi kupata uthabiti bora kuliko huo. Leo wazo hilohilo liko hospitalini, elektrodi zinazungushwa kifuani kwa mgonjwa wa ICU ili mapafu yaonekane yanavyojaa hewa, na picha inatoka na ukungu, na ukungu ule haupo kwa sababu fundi kazembea, asili yake iko ndani ya mlinganyo wenyewe.

Angalia swali moja lilivyolisha watu. Kuna waliothibitisha upekee, kuna wa uthabiti, kuna walioandika algorithimu, kuna waliotengeneza kifaa. Ukitaka kuingia kwenye fani hii jiulize wewe unasimama wapi kwenye mnyororo wa namna hiyo, na uwe unamjua angalau kwa kiasi jirani yako wa kila upande.

Sasa misingi. Kozi zenyewe hazina siri: analisisi halisi, linia aljebra uielewe kwelikweli, nadharia ya vipimo ya Lebesgue, analisisi ya funksheni, milinganyo ya deriveti ya kawaida halafu PDE, namba changamano kidogo, na kozi moja nzuri ya mbinu za kompyuta. Usikimbilie nafasi za Sobolev, yaani mikusanyo ya funksheni zinazopimwa pamoja na deriveti zake, kabla intigro ya Lebesgue haijakaa vizuri kichwani, utakuwa unakariri herufi. Ila kozi peke yake hazikufanyi mtu wa analisisi tumizi, kinachokufanya ni makadirio. Kazi yetu kila siku ni kusema kitu hiki ni kidogo kuliko kile, na kwa kiasi gani, na mtu ambaye mikono yake haijazoea inikwaliti atasoma pepa nzuri na hatoona kitu.

Fanya hili zoezi leo, karatasi na kalamu tu. Chukua funksheni u kwenye mstari kutoka 0 mpaka 1, iwe sifuri ncha zote mbili. Kwa kuwa u(0) ni sifuri, u(x) ni intigro ya deriveti yake kutoka 0 mpaka x, weka inikwaliti ya Cauchy–Schwarz utapata u(x)² ≤ x∫(u′)², sasa fanya intigro upande wote utapata ∫u² ≤ ½∫(u′)². Mistari mitatu, na hiyo ndo inikwaliti ya Poincaré kwenye hali yake rahisi kabisa. Usiishie hapo. Jiulize, ile nusu ndo namba bora? Siyo, umetumia ncha moja tu, ile nyingine hukuigusa. Namba bora ni 1/π², karibu 0.101, na anayeifikia ni sin(πx). Sasa peleka kwenye mlinganyo wa joto, u_t = u_xx na ncha zikiwa baridi, zidisha kwa u, fanya intigro kwa sehemu, utaona ∫u² inashuka kwa kasi isiyopungua e^(−4t) ukitumia ile nusu, lakini ukitumia namba bora ni e^(−2π²t), ambayo ni kama e^(−19.7t). Tofauti ya 4 na 19.7 siyo urembo, ni tofauti kati ya kumwambia injinia asubiri sana na kumwambia asubiri kidogo. Halafu geuza muda uende nyuma: ile sehemu ya sin(10πx) ambayo joto liliiua, ukirudi nyuma kwa muda wa 0.1 tu inazidishwa na e^(98.7), namba yenye tarakimu 43. Hapo hutahitaji mtu akueleze tena Hadamard alikuwa anaongelea nini kwenye sharti la tatu, umelishika mwenyewe.

Nimekaa sana hapo makusudi. Mtu akifanya mazoezi kumi ya aina hiyo mpaka mwisho, yaani kutoka inikwaliti mpaka tabia ya jibu mpaka maana yake kwa anayepima, anakuwa mbele kuliko aliyesoma sura ishirini kwa macho.

Kompyuta usiikwepe hata kama moyo wako uko kwenye theoremu. Courant, Friedrichs na Lewy mwaka 1928, kompyuta za kielektroniki hazijazaliwa, walishaona kwamba hatua za muda na hatua za nafasi haziwezi kuchaguliwa ovyo. Andika programu fupi ya mlinganyo wa joto kwa njia ya moja kwa moja, sharti lake ni hatua ya muda isizidi nusu ya mraba wa hatua ya nafasi, kwa hiyo ukigawa mstari kwa hatua za 0.01 muda unaruhusiwa kusogea 0.00005 tu, hatua 20,000 ili ufike sekunde moja. Vunja sharti kidogo uone skrini inavyojaa zigizaga. Ukishaona, utasoma theoremu za uthabiti kwa jicho lingine, na pia utaanza kugundua mambo kabla hujayathibitisha, kwa sababu wengi kwenye fani hii wanapata dhana yao kwenye grafu kwanza uthibitisho unafuata baadaye. Jifunze na kuondoa vizio kwenye mlinganyo, ujue namba gani ndogo na ipi kubwa, maana ndo lugha ya kwanza utakayoongea na mtu wa fizikia au wa tiba, na akiona unauliza namba ya Reynolds ni ngapi, ile inayolinganisha kasi ya maji na unato wake, kabla hujauliza nafasi ya Banach, ambayo ni lugha ya wanahisabati tu, atakusikiliza.

Tuje kwa supavaiza wa PhD, na hapa naomba usikilize vizuri maana ni uamuzi mzito kuliko chuo chenyewe. Usiangalie umaarufu peke yake. Tafuta pepa zake mbili tatu za miaka ya karibuni usome utangulizi wake, kama utangulizi unakufanya utake kujua zaidi hiyo ni dalili nzuri, kama unaona ni ukuta mtupu na hata huo ukuta haukuvutii basi songa mbele. Ulizia wanafunzi wake wa zamani wako wapi sasa na wana pepa ambazo jina lake halimo, hilo la pili linasema mengi kuhusu kama anakuza watu au anatumia watu. Ulizia wanakutana mara ngapi, anayekutana nawe kila wiki saa moja ni bora kuliko bingwa unayemwona mara mbili kwa mwaka. Barua pepe ya kwanza iwe fupi: wewe nani, umesoma nini, theoremu gani kwenye pepa yake umeielewa na wapi umekwama, basi. Sentensi moja ya hesabu iliyo sahihi inafanya kazi kuliko aya tano za kusifia.

Na mada? Mada nzuri ya kuanzia ina mlango ulio wazi na ukumbi usio na mwisho. Mlango maana yake kuna kesi rahisi ambayo mtu mwenye bidii ataimaliza ndani ya mwaka, mfano dimensheni moja, au data ndogo, au mgawo (koefishenti) usiobadilika, na ukumbi maana yake ukimaliza hiyo bado kuna pa kwenda. Watu huuliza, je nichukue Navier–Stokes, ile milinganyo ya mwendo wa maji na hewa? Jean Leray mwaka 1934 alithibitisha kwamba kwenye dimensheni 3 majibu dhaifu, yaani yanayotimiza mlinganyo kwa intigro bila kudai deriveti zote ziwepo, yapo kwa muda wote, lakini kama ni laini daima, swali hilo hadi leo halijajibiwa, Clay Institute, taasisi ya hisabati ya Marekani, iliweka dola milioni moja mwaka 2000 na zipo palepale. Kwenye dimensheni 2 kazi ilifanyika, na Olga Ladyzhenskaya ni mmoja wa walioijenga hiyo misingi. Soma hayo yote, yapende, lakini usiweke PhD yako kwenye swali la milioni moja, chukua swali la pembeni lenye mbinu zilezile, mfano maji yenye joto ndani yake, au mipaka inayosogea, au kioevu kizito ambacho siyo cha Newton, utajifunza zana zote na utatoka na digrii.

Usiogope kusoma mifano ya kubomoa pia. Hans Lewy mwaka 1957 alitoa mlinganyo wa linia, migawo yake laini kabisa, upande wa kulia laini, na hauna jibu hata kwenye kipande kidogo cha nafasi. Watu walidhani haiwezekani. Kila ukianza mada mpya tumia muda wa kwanza kujaribu kuivunja, kwa sababu ukiivunja umepata pepa na usipoivunja umejua ni dhana gani inabeba mzigo.

Kuna hofu moja kila mtafiti mchanga anayo: vipi mtu akinitangulia? Itatokea, uwe tayari kimoyo. Swali la ulaini wa majibu ya milinganyo ya elipsi, yaani ya hali iliyotulia kama joto lililokwisha kusambaa, yenye migawo isiyo laini lilijibiwa na Ennio De Giorgi wa Italia na John Nash wa Marekani karibu wakati mmoja, 1957 na 1958, kila mmoja kivyake bila kujua mwenzie yuko kazini. Leo theoremu inabeba majina yote mawili na njia zote mbili zinatumika, na Nash alipata tuzo ya Abel 2015 pamoja na Louis Nirenberg kwa kazi za PDE. Ukiona pepa imetoka inayofanana na yako, pumua, isome mstari kwa mstari, linganisha dhana zako na zake, mara nyingi sana njia yako inatoa kitu ambacho ya mwenzio haitoi, namba bora zaidi au dhana pungufu, uiandike hivyo kwa uwazi na umtaje vizuri.

Kuandika pepa. Tumia LaTeX, programu ya kuandikia hesabu, toka siku ya kwanza. Theoremu kuu iwe ukurasa wa kwanza au wa pili, msomaji asitafute. Baada ya theoremu eleza kwa maneno ya kawaida kwa nini ni ngumu, wapi njia za zamani zinakwama na wewe umefanya nini hapo, hiyo aya moja ndo wahakiki wanaisoma kuliko zote. Kwenye hisabati majina ya waandishi kawaida yanapangwa kwa alfabeti, kwa hiyo usigombanie nafasi ya kwanza haina maana kwetu, lakini kumbuka kulieleza hilo kwenye fomu za maombi kama kamati ina watu wa biolojia au tiba maana kwao nafasi ya jina ni kitu kikubwa. Weka nakala arXiv, hifadhi ya wazi ya pepa mtandaoni, ipo tangu 1991 na ndo sehemu ambapo watu wa fani wanasoma kweli, halafu peleka kwenye jarida. Majibu yatachelewa, miezi sita ni kawaida, mwaka pia hutokea, ndo maana usikae mikono mitupu unasubiri, anza nyingine. Ripoti ikija kali isome, iache siku mbili, irudie, jibu kila hoja kwa namba yake na kwa heshima hata pale mhakiki kakosea, maana kama mtaalamu kakuelewa vibaya basi sentensi yako inahitaji kuandikwa upya. Kuna majarida ya kitapeli yanakutumia barua za kukusifu na kukuomba hela uchapishwe ndani ya wiki, kimbia. Namna ya kujua jarida ni la maana: angalia bodi ya wahariri, kama unawajua kwa theoremu zao ni sawa, na angalia kama linapitiwa na zbMATH Open, hazina ya mtandaoni ya muhtasari wa pepa za hisabati, ambayo tangu 2021 ni bure kwa kila mtu.

Baada ya PhD kuna postidoki, mwaka mmoja mpaka mitatu, wakati mwingine mbili mfululizo. Usiende mahali wanapofanya kilekile ulichofanya, nenda jirani. Kama ulifanya uwepo wa majibu nenda kwa watu wa matatizo kinyume, kama lile la Calderón la kujua ndani kwa vipimo vya nje, au wa mbinu za kompyuta, utarudi na mikono miwili. Kama chuo chako hakina semina ya analisisi kuna vituo vilivyoundwa kwa ajili hiyo, ICTP, kituo cha kimataifa cha fizikia ya nadharia kule Trieste, Italia, iliyoanzishwa na Abdus Salam 1964, ina mwaka wa diploma kwa wanaotoka nchi zinazoendelea, na ina utaratibu wa watafiti wanaorudi mara kwa mara kwa miaka kadhaa. Ukiomba kazi ya kudumu, mpango wako wa utafiti usiwe orodha ya matamanio, uwe na swali unaloweza kulimaliza mwaka huu, lingine la miaka mitatu, na moja kubwa unaloliendea polepole, na uonyeshe mwanafunzi wa masters angefanya nini ndani yake.

Kufundisha. Hapa ndo wengi wanakosea wakidhani ni kodi unayolipa ili upate muda wa utafiti. Mimi naamini kinyume chake na naamini kwa dhati. Ukifundisha limiti na intigro, lini unaruhusiwa kuvibadilishana nafasi, kwa watu mia wasiojua, utalazimika kujua kila dhana inafanya kazi gani, na siku unathibitisha jambo lako mwenyewe utaona hatua yenye hatari kabla ya mhakiki.

Wanafunzi hawaanguki kwenye analisisi kwa sababu ni wavivu. Wanaanguka kwenye mpangilio wa "kwa kila" na "kuna". Usianze na fasili ubaoni. Anza na x^n kati ya 0 na 1, waulize n iwe ngapi ili x^n ishuke chini ya 0.01 kama x ni 0.9. Wahesabu wenyewe, ni 44. Kama ni 0.99? 459. Kama ni 0.999? 4603. Sasa waulize, kuna n moja inayotosha kwa x zote chini ya 1 kwa pamoja? Darasa linakaa kimya kidogo, halafu mmoja anasema hakuna, inazidi kukimbia. Hapo, ndo unaandika fasili mbili, ya kukaribia nukta kwa nukta na ya kukaribia kwa usawa, na wanaona wenyewe kwamba tofauti ni maneno mawili kubadilishana nafasi. Ukifanya hivyo hawasahau.

Na wape historia kidogo, siyo kwa kupamba. Joseph Fourier alipeleka kazi yake ya joto Paris 1807, akasema karibu funksheni yoyote unaweza kuijenga kwa sini na kosini, na Lagrange, mmoja wa wakaguzi, hakukubali. Lagrange hakuwa mjinga, uthibitisho kweli haukuwepo. Kitabu cha Fourier kikatoka 1822, Dirichlet akaleta uthibitisho wa kwanza mzuri 1829 kwa funksheni za aina fulani, 1873 du Bois-Reymond akaonyesha funksheni isiyo na mkatiko ambayo mfululizo wake unagoma kwenye nukta, na swali likatulizwa vizuri na Lennart Carleson 1966 tu. Mwanafunzi akisikia hivyo anajua kwamba epsiloni, ile herufi ya kosa dogo kwenye fasili, haikuletwa kumtesa, ililetwa kwa sababu watu wenye akili kubwa walibishana juu ya joto na hawakuwa na njia ya kumaliza ubishi. Kwa mainjinia onyesha kwenye skrini mfululizo wa wimbi la mraba, ongeza vipengele 10, 100, 1000, kilima kile cha pembeni ya mruko hakipungui, kinabaki karibu asilimia 9 ya mruko kinazidi tu kuwa chembamba, afu waulize kitatokea nini kwa kichujio chao cha sauti. Hilo darasa litajaa wiki ijayo.

Mitihani iwe na swali moja la kuvunja, yaani wape kauli ya uongo inayofanana na kweli watafute mfano wa kuibomoa. Kusahihisha kunachosha zaidi kidogo lakini unajua nani kaelewa. Na saa zako za utafiti zilinde, chagua asubuhi mbili kwa wiki zisiguswe na kikao wala barua pepe, semesta ikianza usiseme utatafuta muda, muda haupatikani kwa kutafutwa, unawekwa kwenye ratiba kama darasa. Granti na kamati zitakuja, granti andika moja kwa mwaka vizuri, kamati kubali zile zinazogusa wanafunzi, nyingine kataa kwa adabu ukiwa bado mchanga. Kazi ya kuhakiki pepa za wengine ikubali, kwa kila pepa yako moja hakiki mbili, mfumo wote unasimama juu ya hilo.

Siku utakapopata mwanafunzi wako wa kwanza usimpe ndoto yako kubwa. Mpe kesi ambayo wewe umeshaipima kwenye karatasi na unaona kwa mbali inatoka, usimwambie inatokaje, mwambie inikwaliti gani ianze. Mkutane kila wiki hata kama hana kipya, akisema hajafanya kitu mwambie aje na hesabu iliyogoma, kaeni ubaoni chaki aishike yeye. Akithibitisha kesi ya kwanza aandike mwenyewe rasimu, usiiandike wewe hata kama unaweza kuimaliza jioni moja, irudishe na maoni mara tatu, nne, mpaka utangulizi wake ueleweke kwa mtu wa chumba cha pili. Ikifika hapo jina lake liende kwenye semina ya idara kama mzungumzaji, wewe ukae mstari wa nyuma, na swali likimjia gumu umwache kwanza alijibu yeye.